Mkono wa Kushoto wa Wifi

Kazini walikuwa wananiita Mama Pasi, na si kwa sababu tu nilisimamia chumba cha kupigia pasi shuka za hoteli. Nachemka haraka, na nikichemka naunguza. Ndiyo maana wifi yangu alipopata kiharusi, na wanawe walio mbali wakaniomba nikakae naye, jirani yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza huyo mgonjwa amemkosea nani.

Nilikwenda. Kaka yangu alishatangulia mbele za haki, na huyu mke wake tumetaniana tangu siku ya harusi yao, nilipomwambia kwamba kaka angeweza kupata mrefu zaidi. Isitoshe, nilikuwa nimestaafu, nimepanga chumba kimoja mwisho wa korido, mahali ambapo redio ndiyo iliyokuwa inanipa habari za asubuhi na ndiyo iliyokuwa inaniambia usiku mwema. Makubaliano yalikuwa mepesi: nikae mpaka mkono wa wifi upone, kisha kila mtu arudi kwenye maisha yake. Nikafungasha begi moja.

Kiharusi kilichukua mkono wa kushoto, na wifi ni mtu wa mashoto. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya kupanga. Wanawake walikuwa wanavuka mji mzima kuufuata mkono ule, na sasa ulikuwa umelala mapajani mwake, yeye anauangalia kama mtu aliyemnunia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale kliniki, dada mmoja mwenye sauti laini na vidole vigumu, akatuambia tutafute kazi ya mikono miwili, kitu cha kupenda, isiwe adhabu. Nikapendekeza kufuma. Wifi akasema kufuma ni mambo ya wazee. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na yeye.

Ngozi ilitujia kwa bahati. Mguu wa meza yetu ulikuwa unayumba, nikashuka kwa fundi wa makochi mwisho wa mtaa kumwomba kipande cha kuwekea chini. Yule bwana ni mtu wa maneno kidogo. Alinipa mfuko mzima wa mabaki: nyekundu, nyeusi, na kipande kimoja cha kahawia kinene ambacho nilipokinusa nilisimama pale pale mlangoni nikinusa tena. Nilipomweleza habari za wifi, akavua miwani, akaifuta, akaniambia nisubiri.

Alirudi na vifaa vichache mno, nikadhani ananibania. Msharasi wa kutobolea, sindano mbili zisizo na ncha kali, nyundo ya mbao, na uzi alioupitisha kwenye donge la nta mpaka ukakakamaa. Kisu na rula ya chuma, alisema, mtakuwa navyo wenyewe. "Msinunue kitu kingine mpaka hivi viwashinde," akasema. "Na kisu kiwe kikali. Kisu butu kinateleza, kinatafuta vidole." Kisha akanionyesha mshono. Uzi ni mmoja, sindano mbili, moja kila mwisho wa uzi. Unatoboa tundu, sindano hii inapita kutoka kulia, ile inapita kutoka kushoto, tundu lile lile, unavuta pande zote mbili. Uzi ukikatika upande mmoja, ule wa pili bado unashikilia. Kanuni ni moja tu: sindano inayoanza iwe ile ile kila mara, na mishono yote italala upande mmoja.

Mwanzo mgumu, wanasema. Wetu ulikuwa aibu. Kitu chetu cha kwanza kilikuwa kishikio cha funguo, kamba tu ya ngozi iliyokunjwa na kushonwa, mtoto wa shule angefanya. Nilikata upande mmoja ukaenda mashariki na mwingine magharibi. Niligandisha kidole changu kwenye gazeti kwa gundi, wifi akanisomea habari za kwenye kidole. Sindano yangu ikapasua uzi wa mwenzake ndani ya tundu, vikashikana, havitoki mbele wala nyuma, ikabidi tukate na kuanza upya. Nilitupa kile kipande dirishani. Wifi akaniambia nikakiokote, mali ya watu hiyo.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Tulibana ngozi katikati ya vibao viwili, vibao tukavibana kwa magoti, tumekaa uso kwa uso kwenye viti vya jikoni. Wifi alishika sindano ya kulia. Mimi nilikuwa mkono wake wa kushoto. Kila tundu alianza yeye, nami nikafuata, halafu tunavuta pamoja. Kila baada ya mishono kadhaa nilimwekea sindano yangu kwenye vidole vyake vilivyolala ajaribu. Ilidondoka. Tunaiokota, tunaendelea. Mchana mzima ulikuwa unapita hivyo, tunasengenya, tunanyamaza, tunagombana juu ya nani amevuta zaidi.

Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuketi na mtu mwingine hivyo. Nimefanya kazi na wanawake wengi katika mvuke wa pasi, lakini pale kila mtu na shuka lake. Hapa nisipovuta mimi, mshono wake unalegea. Wifi akiamka ananiita jina langu la utani kabla hajafungua macho vizuri, na mimi naitika. Nilianza kushukuru kwa siri, na kuogopa kwa siri vilevile. Kila nilipomwombea mkono upone, nilijua naomba nini.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," wifi alipenda kuniambia. "Wewe nimekupa msharasi, na bado unalala mpaka jua kali."

Tukatoka kwenye vishikio vya funguo, tukaingia kwenye mfuko wa miwani. Tulimtengenezea fundi, kwa ile ngozi ya kahawia, maana miwani yake ilikuwa inakaa kwenye soksi. Siku moja nilikwenda sokoni nikachelewa kurudi kwa mvua. Jioni nilipouchukua mfuko ili nipake nta kingo zake, nikaona kitu. Mishono ya mwanzo ilikuwa imelala kuelekea kulia, mishono yetu. Halafu katikati ya upande mrefu ikageuka. Mpaka kwenye kona, yote ilikuwa imelala kushoto, midogo, imebana, mizuri kuliko yote tuliyowahi kushona.

Nikaketi na ule mfuko. Mishono ikigeuka hivyo, aliyeshona ameanza na sindano ya kushoto kila tundu. Na nani anaanza na kushoto, kama si mtu wa mashoto aliyeachwa peke yake na mikono yake miwili?

Wifi alikuwa anakunywa chai, kikombe mkono wa kulia, ule mwingine umelala mapajani kama kawaida. "Naona leo umeendelea kidogo," nikamwambia.

"Nimevuta kwa meno," akasema, wala hakupepesa macho.

Kwa meno. Mwongo mkubwa. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kumbe hata mapenzi ya ngozi: alishindwa kuuacha mfuko ule mpaka nirudi. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Nilicheka kwanza, kisha nikalia, kwa sababu nilielewa. Mkono umepona na hataki niondoke, na ameona aibu kusema. Mimi, mwenye mdomo huu wote, nami nikaona aibu kumwambia nimejua. Kesho yake tukaketi uso kwa uso, nikashika sindano ya kushoto, tukaendelea.

Hata kwa mwaka ningeendelea hivyo. Tatizo likawa kliniki.

Siku ya miadi, dada wa mazoezi alimwaga vifungo mezani, akamwambia wifi aviokote kwa kushoto. Vidole vikatambaa, vikagusa kifungo, vikakiangusha. Akampa kidole chake akibane. Hakubana. Yule dada akavikusanya vifungo, kisha akaongea kwa upole, na upole wenyewe ndio uliotisha. Alisema wamejitahidi, lakini huenda mkono umefika mwisho wake. Watu wapya wanasubiri nafasi. Wifi aiachie ile saluni, asiendelee kuilipia kodi bure, ajifunze kuishi na mkono mmoja.

Nilimwangalia wifi. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali bei. Alikuwa tayari kuuzika mkono wake mzima, na kiti chake, na jina lake mjini, ili mimi nisifungashe begi. Hakuna mtu aliyewahi kunitaka hivyo maishani mwangu, si mume niliyekuwa naye, si yeyote. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa pamoja.

Kwenye mkoba nilikuwa na mkanda tuliouanza, umeshabanwa kwenye vibao. Nikautoa nikamwekea magotini, sindano zote mbili zikining'inia.

"Shona," nikamwambia.

"Na wewe kaa basi."

"Sikai. Nimeona mishono ya ule mfuko, wifi. Shona."

Aliniangalia muda mrefu. Nilijua ninachofanya, nilikuwa najifukuza mwenyewe. Kisha akaichukua sindano ya kushoto kwa mkono wa kushoto, akaipitisha, akaifuatisha ya kulia, akavuta. Akashona mpaka mwisho wa mstari. Yule dada akapiga makofi, akaita wenzake waje waone. Akasema mgonjwa huyu hahitaji tena mtu wa kumshika.

Tulipovuka barabara wifi akasema: "Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Makubaliano ni makubaliano. Tulipofika nilikwenda moja kwa moja chumbani, nikafungua kabati tulilogawana, nikaanza kukunja nguo zangu kwa mikunjo ya hoteli, kona kwa kona, ili mikono iwe na kazi. Nikafunga zipu. Nilipogeuka, wifi alikuwa mlangoni. Akapita, akakaa kitandani karibu na begi, akashika zipu kwa ule mkono wa kushoto, akaifungua yote.

Akatoa nguo moja baada ya nyingine, kwa mkono ule ule, polepole, kwa sababu vidole bado vilikuwa vinachoka. Gauni. Kitambaa cha kichwa. Viatu. Kila kimoja alikirudisha kabatini, na hakuna alichokiangusha.

"Asante, wifi," nikamwambia.

"Hizi gauni zako," akasema, "nimezitundika huku, upande wangu. Huko kwako kuna unyevu."