Kifungo cha Miaka Kumi na Tisa

Kwa miaka kumi na tisa Mama Akiba alishona kifungo kimoja tu. Si kimoja kwa idadi, maana kwa siku alishona mamia. Kimoja kwa mahali. Kile cha akiba, kinachokaa ndani ya pindo la shati, chini kabisa, ambako hata mwenye shati haangalii. Ndiyo kazi yake kiwandani, na ndiyo iliyompa jina. Na alikishona haswa! Uzi mara kumi na mbili, mafundo matatu, kisha anaukata kwa jino. Hakuna kifungo chake kilichowahi kung'oka, na hilo angekuambia hata kama hukumuuliza.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa wiki mbili na sasa yuko mwaka wa tatu, hakuchoka kumtania. "Shemeji, wenzako wakipewa kifungo huwa wameiba kitu. Wewe miaka kumi na tisa, kosa lako nini?"

Alikuwa akicheka naye, mpaka Ijumaa ile msimamizi alipokuja mezani kwake, jalada kalikumbatia tumboni kama kawaida yake, akasema wakubwa wanataka kukiondoa kifungo cha akiba.

"Hakitumiki, mama. Niletee Jumatatu shati moja tu ambalo kifungo chako kimetumika, nitakutetea. Ukikosa, utahamia kufungasha maboksi. Mshahara ni uleule."

Mshahara uleule! Kwani kauliza mshahara? Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya. Miaka yote hiyo alijiambia kwamba kuna mtu mahali fulani, kifungo kimemtoka siku mbaya, na yeye ndiye aliyemwokoa bila hata kujuana. Sasa anaambiwa mtu huyo hayupo.

Jumamosi akaingia mtaani kumtafuta. Mji mzima ulivaa mashati ya kiwanda kile, kwa hiyo alianza na majirani, akaomba kuona mapindo. Kinyozi, aliyejifunga pini kifuani, alifunua shati lake: kifungo kipo. Muuza magazeti: kipo. Mwalimu mstaafu: kipo, na mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini hapa. Kwenye foleni ya posta Mama Akiba alishindwa kujizuia, akafunua pindo la bwana aliyekuwa mbele yake. Yule bwana aliruka huku akipiga kelele, "Mwizi!" Ikabidi aeleze mbele ya umati kwamba alikuwa anatafuta kifungo tu.

"Utakipata," mlinzi wa posta akamwambia.

Jumapili shemeji alikuwa anajiandaa kwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake, saa nane kamili, na mzee huyo alisifika kwa kuchukia wachelewaji. Akainama kufunga viatu. Kifungo cha tumboni kikaruka, kikagonga kabati, kikabingirika sakafuni.

"Mungu wangu! Kimekwenda wapi?"

Mama Akiba alijua kilikokwenda. Kilikuwa chini ya ndala yake, naye alikuwa amekikanyaga kwa uzito wake wote. Mungu amsamehe.

"Sijakiona," alisema, moyo ukimdunda kwa furaha. "Lakini si kuna cha akiba?"

Shemeji akafunua pindo, akavuta. Akavuta tena. Akachukua mkasi, ncha ikakosa pa kupenya, ikatoboa kitambaa pembeni. Jasho likamtoka.

"Hivi aliyekishona hiki alikuwa na ugomvi na nani? Hiki si kifungo cha akiba, hiki ni kifungo cha maisha!" Halafu akakumbuka anaongea na nani.

Mama Akiba alilitazama lile pindo lililotoboka. Ile pini ya kinyozi ilimjia machoni. Kumbe watu walikuwa wakimhitaji siku zote, ila yeye mwenyewe, kwa mafundo yake matatu, ndiye aliyewanyima. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka.

"Vua," alisema.

Alikaa na sindano dakika ishirini, akifumua fundo baada ya fundo na kuulaani mkono ulioyafunga. Kisha akakishona tumboni. Shemeji alifika ukweni saa nane na nusu, mbio, na mzee akamwambia arudi Jumapili nyingine, mapema.

Jumatatu Mama Akiba aliliweka shati mezani kwa msimamizi. Pindo lina tundu, kifungo kiko tumboni: kimetumika. Angeweza kuishia hapo. Lakini akatoa na kile cha kwanza kwenye mkoba, akasimulia habari ya ndala na ya mafundo.

"Kwa hiyo kosa ni langu," alisema. "Kama ni maboksi, basi ni maboksi."

Msimamizi alitazama mlango kuona kama umefungwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akaliweka jalada chini. Shati lake lilikuwa limebanwa tumboni kwa pini mbili za stepla. Akafunua pindo: kifungo kipo, imara, kimezungukwa na matundu ya mkasi.

"Tangu mwaka jana," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani mikono yangu ndiyo mibovu."

"Vua," alisema Mama Akiba.

Jioni ile alikuwa mezani kwake kama kawaida. Uzi mara nne, fundo moja. Jino aliliacha lipumzike. Alikata kwa mkasi, akabakiza kipande cha uzi urefu wa ukucha, ili mtu asiyemjua apate pa kushika.