Zima Simu, Tuko Msibani

Kosa ni langu. Watu wanakuja hapa kibandani kwangu, wanakula, wananiambia, "Mama Veneranda, ilikuwa mipango ya Mungu." Nawaambia Mungu mwacheni. Hakuwepo kule Mlandege, Iringa, akimkata mtoto jicho. Nilikuwepo mimi.

Eveline ni mtoto wa kaka yangu Amos. Nimemlea hapa Soweto, Mbeya, tangu darasa la tatu, akiamka na mimi kumenya viazi kabla ya shule. Kichwa alichonacho sijui kakitoa wapi, maana kwetu hakipo. Form six alipata division one. Mwalimu wake akamwonyesha chuo kimoja cha Marekani kinachochukua watoto wachache wa Afrika na kuwasomesha bure mpaka mwisho. Akajaza fomu zake kwenye simu, Desemba akatuma. Januari ikaja barua pepe: umepita, limebaki jambo moja tu. Mtu aliyewahi kusoma chuoni hapo, anayeishi karibu na wewe, atakutafuta muongee, kisha atuandikie amekuonaje. Mwisho ni Jumamosi ya katikati ya Februari. Mwombaji asiyeongea naye, faili lake linafungwa.

Atakutafuta. Hawakusema nani, hawakusema lini. Neno hilo lilitutesa wiki tatu nzima.

Mtoto akaacha kula. Simu ikawa haitoki mkononi, anaingia nayo chooni, ananawa uso kwa mkono mmoja. Ikilia anaruka, anamwaga maharage ya watu, kumbe ni kampuni ya simu inamtangazia bando. Mimi namgombeza, "Wewe, hao Wazungu wamekusahau, shika mwiko!" Lakini mwenyewe nami nasubiri. Nikimwona ameshika simu nasimama nyuma yake kimya, eti napepeta mchele. Ikabaki wiki mbili. Ikabaki wiki moja. Nikaanza kuona shingo yake imekuwa nyembamba.

Jioni tukishaosha masufuria alikuwa ananiomba nijifanye ndiye mtu wa chuo. Kiingereza changu mimi ni cha kwenye maboksi ya sabuni, lakini alinifundisha sentensi moja, "Tel mi abauti yoselfu," maana yake nieleze wewe ni nani. Basi nakaa kwenye stuli, nakunja uso, naisema. Yeye anasimama mbele yangu amefunga mikono, ananijibu dakika tano bila kukohoa. Sielewi hata neno moja, na machozi yananilengalenga. Akimaliza namwambia, "Umefaulu, kalete kuni."

Jumanne ya wiki ya mwisho ndipo mtu wa chuo akaandika. Injinia Aroni Kikoti, mtu wa miradi ya maji, anaishi Iringa. Kwa Wamarekani, Iringa na Mbeya ni jirani! Aliomba radhi, alikuwa porini kazini huko kusiko na mtandao. Akasema wataongea kwa video, Jumamosi saa nne asubuhi.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

"Video?" nikasema. "Mtu mzima ameshika maisha yako, wewe umwongeleshe kwenye kioo kama unapaka wanja? Unamfuata kwake. Unampigia goti, anakuona umelelewa."

"Shangazi, siku hizi wote wanafanya kwa video."

"Hao wote hawana shangazi."

Akaandika kwa aibu kuomba aende. Yule baba akajibu kwamba ni mbali, asijisumbue, lakini akipenda, karibu sana nyumbani Mlandege, mke wake atawapikia chai. Nikamwambia Eveline, "Umeona? Huyo ni mtu wa watu." Nilivyojisifu siku ile, acha tu.

Ijumaa tukapanda basi, jioni tukafika Iringa, tukapanga chumba kwenye gesti karibu na stendi. Eveline akamwandikia Injinia kwamba tumefika, akajibu "Karibuni sana, tuonane kesho." Usiku sikumsikia akikoroma hata mara moja. Asubuhi alivaa blauzi nyeupe niliyoinyoosha kwa mkono wangu, tukachukua bajaji. Mvua ilikuwa imenyesha, njia yote tope.

Tulipofika kwenye geti la bluu tuliloelekezwa, saa tatu na nusu, tukakuta vijana wanafunga turubai. Viti vinashushwa kwenye pikapu. Ndani wanawake wanalia.

"Shangazi," Eveline akasema, "kuna nini?"

Nilijua kuna nini. Mama mmoja mnene, jina lake Bertha, ndiye aliyekuwa anasimamia jiko, akatujia amejifunga khanga mbili. "Kamwene," akatusalimu kwa Kihehe. "Mmetoka wapi?"

"Mbeya," nikasema.

"Ooh, wa Mbeya! Poleni na safari, poleni na msiba. Bibi ametutoka usiku. Mama yake Injinia." Akanishika mkono, akatupitisha uani, akampa Eveline khanga na kisu. Gunia la viazi lilikuwa limeshafunguliwa. Hakuna aliyeuliza zaidi, na ungeuliza nini? Mtu akija msibani ni wa msibani.

Eveline akaninong'oneza, "Shangazi, leo ndiyo mwisho. Nimwone tu dakika moja."

"Una wazimu?" nikamwambia. "Mama yake yuko ndani kwenye jeneza, wewe umfuate na mambo ya chuo? Aandike nini, kwamba huna utu? Tulia. Akishapumua nitamwendea mwenyewe, kistaarabu. Hii ndiyo intavyuu yako, menya." Simu yake ikatoa mlio. Nikaona wamama wanageuka. "Na zima hiyo simu, tuko msibani." Akaizima. Nikaichukua nikaitia kwenye pochi yangu, nikafunga zipu.

Basi akamenya. Niwaambieni, hajawahi mtu kumenya viazi vile Iringa. Wenzake kiazi kimoja, yeye vitatu. Bertha akasema, "Huyu binti ana mikono!" Nami nikavimba kwa fahari, nikasema moyoni, ngoja, yule baba atasikia sifa, atauliza ni nani huyu. Blauzi ilikuwa imeshaingia madoa mpaka kiunoni. Kila mlango ukilia, Eveline anainua kichwa. Namkata jicho, anainama.

Injinia nilimtambua wanaume walipompa mkono. Mrefu, mvi pembeni, macho mekundu. Mnamo saa saba nilimwona amesimama peke yake kando ya tangi la maji, simu sikioni, haongei, anasikiliza tu, anaitoa, anapiga tena. Nikasema masikini, anatafuta ndugu. Kisha akatoka getini, akasimama barabarani kwenye tope, akaangalia huku, akaangalia kule. Akarudi. Baada ya kama nusu saa akatoka tena. "Anasubiri watu wa Dar," nikamwambia Bertha. Bertha akasema watu wa Dar wameshafika.

Hapo ningeshtuka. Sikushtuka.

Chakula kilipoiva, Bertha akamtuma Eveline akawanawishe wanaume. Nikamfuata nyuma na taulo. Alipofika kwa Injinia, akaweka beseni chini. Akapiga goti kama nilivyomfundisha, akammiminia maji polepole. Yule baba akanawa, akamwangalia. Akamwangalia kweli, jamani, si kwa kupitisha macho.

"Asante, mwanangu. Wewe binti wa nani?"

Eveline akafungua mdomo. Nami nikaogopa. Niliogopa atalisema pale pale mbele ya wazee, atuaibishe, na yule baba amchukie. Nikaruka mimi.

"Wetu huyu, baba," nikasema. "Pole sana kwa msiba."

"Asanteni mama," akasema, akapokea taulo.

Saa kumi na nusu wakatangaza kwamba mwili unaondoka kwenda kijijini, kuzika ni kesho. Kijiji chenyewe ni huko milimani, hakuna hata mnara wa simu. Nikasema sasa, sasa ndiyo nimwendee. Nikajifunga khanga vizuri. Nilipofika mbele alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya gari, ameinamia simu anaandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu asiyetaka kuandika. Nikasimama. Nikasema nisimkatishe, amalize. Alipomaliza akaweka simu mfukoni, akafuta macho, akaingia garini. Gari likaondoka. Tukapunga mikono na watu wote.

"Tutampigia wakishazika," nikamwambia Eveline. "Mwenye msiba hasahau aliyemsaidia."

Tukatembea hadi barabara kuu, yeye mbele, mimi nyuma na pochi yangu. Kwenye kibanda cha vocha akanyoosha mkono. Nikampa simu. Akaiwasha. Ikakaa kidogo, halafu ikaanza kulia mfululizo.

Akasoma zote mwenyewe. Kisha akanisomea.

Ya kwanza, saa saba: "Eveline, mama yangu amefariki usiku. Najua uko Iringa. Nakupigia sikupati. Njoo hapa hapa nyumbani, usiogope msiba, nusu saa haikosekani."

Ya pili, saa nane kasoro: "Nimetoka getini mara mbili kukuangalia. Labda ulifika ukaona watu ukageuka. Rudi, binti yangu. Mama yangu hakusoma, angefurahi."

Ya tatu, saa kumi na moja kasoro robo: "Tunaondoka kwenda kuzika, kule hakuna mtandao na fomu inafungwa usiku huu. Imenibidi niandike kwamba hatukukutana. Ikishatumwa haifunguki tena. Nisamehe. Nakutakia heri."

Nilikaa chini, palepale kwenye tope. Mwenye kibanda akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikampigia yule baba kwa simu ya Eveline, mara nne, mara tano. Hapatikani. Yuko njiani na mama yake.

"Mwandikie," nikamwambia. "Mwandikie ataona akirudi! Mwambie tulikuwepo kutwa nzima. Mwambie ni wewe uliyemnawisha!"

Eveline aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtoto niliyemlea. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa na hasira, angenitukana nikapumua.

"Ili ajisikieje, shangazi?" akasema. "Amefiwa."

Akaandika. Nilichungulia begani kwake. Aliandika, "Pole sana, baba, kwa kuondokewa na mama. Mungu awape nguvu. Asante kwa kunisubiri." Akatuma. Akaizima simu mwenyewe, akaitia kwenye pochi yangu, akafunga zipu.

Barua ya chuo ilikuja mwezi wa tatu, mistari miwili. Hakuniambia imesema nini, nilisoma kwenye uso wake kwamba wamemkataa. Siku hizi anaamka kabla yangu, namkuta ameshamaliza ndoo nzima ya viazi. Jioni tukishaosha masufuria najikuta naivuta ile stuli. Juzi nilikaa, nikakunja uso, nikasema sentensi yangu ile moja.

"Wako huyu, shangazi," akanijibu, akaenda kuleta kuni.