Maandishi Chini ya Bakuli

Mkereza, fundi wa kuchonga mabakuli kwa mashine, alikuwa na siku nne hajasema na mtu, ukiondoa mashine hiyo, nayo hujibu kwa kelele tu. Usicheke. Mke akishafariki na watoto wakiwa na miji yao, mtu anaweza kumaliza juma zima hajafungua mdomo ila kwa kupiga miayo.

Asubuhi hiyo alikuwa ameamua kuziba ufa wa bakuli la marehemu mkewe. Alilikereza mwenyewe mwaka waliooana, kutokana na mti uliokatwa uani kwa mama mkwe. Marehemu, kwa jinsi alivyomjua mumewe na tamaa yake ya kuuza kila kitu, alilipindua akaandika chini kwa penseli: Hili haliuzwi. Hakuwa mtu wa kuandika. Maneno hayo mawili ndiyo mwandiko wake pekee uliobaki duniani, herufi zimelala ubavu kama zimechoka. Tangu aondoke hakuna aliyelipaka bakuli mafuta, mbao ikakauka, ikapasuka kutoka ukingoni hadi katikati.

Ufa huzibwa kwa gundi na unga wa mbao, lakini unga wenyewe uwe wa mti uleule, la sivyo kiraka kitaonekana tangu mlangoni. Na mti ule haupo tena, kwa hiyo unga utatoka kwenye bakuli lenyewe. Kwa mabakuli ya wateja yeye husugua kitako kwa msasa, unga ukadondoka kwenye karatasi, basi. Hili hapana. Hili alijiapia atalisugua upande wa ndani, taratibu, hata kama itachukua siku nzima.

Ndiyo kwanza ameanza, Redio akachungulia mlangoni. Redio ni jirani, seremala mstaafu, na jina hilo kapewa na mtaa mzima kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Watu wakimwona hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli, na mkereza alikuwa mmoja wao. Leo alimvutia kigoda, akamfutia na vumbi.

Redio akaanza na goti lake, akapitia kwa mkwewe, akafika kwa kuku aliyetaga ndani ya kiatu chake. Mkereza alicheka mpaka machozi, akachombeza, akauliza ikawaje, akajibiwa kwa urefu. Kumbe alikuwa na kiu ya maneno kiasi hiki! Na mikono ya fundi, ikiachwa peke yake, hufanya ilichozoea.

Unga ulipotosha akatazama chini. Bakuli lilikuwa limepinduliwa magotini. Kitako kilikuwa cheupe, laini, kama hakijawahi kuguswa na mtu.

Alikigeuzia mwanga, mara ya kwanza, mara ya pili. Hapakuwa na hata nukta. Hasira ikampanda, akataka kumfukuza Redio na goti lake na kuku wake. Lakini mkono uliofuta ulikuwa wake mwenyewe. Na akimfukuza huyu, kesho atasema na nani?

"Vipi, fundi?" Redio aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

"Hakuna kitu." Aliligeuza bakuli, kitako chini. "Endelea tu. Kuku akafanyaje?"

Redio akaendelea. Mkereza akachanganya unga ule na gundi, akaanza kuujaza kwenye ufa kwa kidole, haoni vizuri, huku akiitikia ehee, ehee, kila Redio alipovuta pumzi.