Zamu Iliyofungwa Ndani ya Chipu

Guled hakuweza kukaa. Tangu alfajiri alikuwa akikizunguka kisima cha pampu cha Hadado kama ngamia dume aliyenusa maji, akikaza nyaya ambazo zilikwisha kukazwa. Kwenye kisanduku ukutani ilikaa kazi yake: chipu moja iliyobeba akili ya kufuata maagizo pamoja na milango ya mantiki ambayo fundi hujipangia mwenyewe. Kamati ya visima ikiridhika leo, angepewa visima vingine vya Wajir. Ikikataa, angerudi kubadilisha vioo vya simu.

Korane, fundi mwenzake, alikuwa amemcheka. "Chipu ya kampuni moja, inapangwa kwa programu yao tu, na huku anayeijua ni wewe peke yako. Ukiugua, ngamia wanywe nini, mate yako?"

"Programu ikiganda, milango haigandi," Guled alimjibu kwa ukali. "Kisima kikikauka, pampu inazimika papo hapo. Relei zako, hizo swichi za sumaku, zitakuwa bado zinajikuna."

Na kweli kazi ilikwenda. Ngamia walifika, hori lao likaanza kujaa. La mbuzi lilisubiri, kwa kuwa pampu haikuweza kulisha mahori yote mawili kwa pamoja. Ngamia kwanza, mbuzi baadaye: ndivyo Guled alivyoambiwa, ndivyo alivyoipanga milango.

Mara vumbi likatimka, na mzee Ogle akatokea kutoka malisho ya mbali, mbuzi wake wakipepesuka. Wenye ngamia hawakushauriana sana, wakakubali kumpisha. Mgeni mwenye kiu hasubirishwi.

"Guled, wafungulie mbuzi," akasema Saado, shangazi yake aliyemwita eedo, na msimamizi wa kisima.

"Haiwezekani, eedo. Hori la ngamia halijajaa."

"Haiwezekani, au hutaki?"

"Zamu nimeifunga ndani ya chipu."

"Basi ifungue. Si yako?"

Alifungua laptopu. Programu ikadai kibali cha kampuni kupitia mtandao, na mtandao wa Hadado ukaja, ukapotea. Mbuzi mmoja akalala chini.

"Fundi," akaita mwenye ngamia mmoja, "hicho kidubwana chako ni cha ukoo gani, hata hakimjui mgeni?"

Kicheko kilimchoma. Guled akaifunga laptopu kwa kishindo, akazima umeme, akang'oa nyaya za valvu zote mbili za kufungulia maji na kuziunga kwenye swichi ya pande mbili: huku ngamia, huku mbuzi, kamwe si kote. Akawasha. Maji yakafoka ndani ya hori la mbuzi.

"Sasa na hicho kidubwana king'oe," Saado akasema. "Wallahi, sitaki kuhangaishwa tena."

Maneno makali yalimjaa Guled mdomoni. Akayameza.

"Kiache kiilinde pampu, eedo. Kisima kikavu ni kikavu kwa kila ukoo, hilo halibadiliki. Zamu ikae mkononi mwako. Na Korane nitamfundisha kuipanga chipu, nisiwe peke yangu."

"Korane? Juzi si mlitaka kupigana?"

"Tutapigana akishajua."

Saado alimtazama, kisha akawatazama mbuzi. "Haya, kamati nitaiambia hivyo. Lakini swichi haiondoki."

Guled alikuwa amekwisha kupanda juu ya ukuta wa tangi, simu juu, akiutafuta mtandao ampigie Korane.