Chumba Chenye Injini

Huu ulikuwa mwaka wa pili mshonaji akishonea katika chumba cha kulala, kwa sababu chumba chake cha kushonea kilikuwa na gari ndani.

Halikuja likiwa gari. Lilikuja likiwa makasha kumi na moja na kitabu cha maelekezo: fremu, difu ya kuzungushia magurudumu ya nyuma, bodi lisilo na paa, na injini iliyofungwa kwenye nailoni kama godoro jipya. Mumewe aliahidi kulimaliza kabla ya mvua. Hakusema mvua ipi. Na kwa kuwa gari halikuwa na paa, lilihitaji chumba chenye paa, na chumba chenye mlango mpana kilikuwa kimoja tu.

Mume alikuwa mwashi. Mtaani walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kunyooshea kuta, maana hakukalia kiti kabla hajainama kukagua kama miguu ya kiti iko sawa. Ukuta wake ukiuona umepinda, nenda kapime macho.

Gari lilipokwisha, liliwaka mara ya kwanza. Likatoka, likazunguka mtaa, watu wakapiga makofi. Lakini likifika mwendo wa sitini lilianza kutetemeka, kwanza sakafu, kisha viti, kisha mashavu ya dereva. Ilikuwa propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Kitabu kilieleza vizuri: injini na giaboksi vilale kwa digrii tatu, mkia chini, sambamba na difu. Zikiachana, propela inazunguka kama mtu anayecheza ngoma mbili kwa mpigo.

Timazi akaishusha injini, akaipima upya, akaifunga. Ikatetemeka. Akarudia. Ikatetemeka kwa ukakamavu zaidi.

Hapo ndipo kaka yake, dereva wa lori, alipoingilia.

"Ndugu yangu, hilo si gari, ni chekecheo la unga. Nipe hiyo injini niifunge kwenye mashine yangu ya kusaga."

"Jumamosi njoo uliendeshe wewe mwenyewe," Timazi akamwambia. "Likitetemeka kwenye themanini, livute uende nalo."

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia," mshonaji akasema kutoka chumba cha kulala, na mkono wake ukaacha kuzungusha cherehani. Alikuwa ameshaona mahali pa meza ya kukatia, chini ya dirisha. Jumamosi gari likitetemeka, chumba ni chake. Likitulia, atashona pembeni mwa kitanda mpaka azeeke, akiokota pini kwa nyayo.

Alhamisi alimpelekea mume chai. Timazi alikuwa amelala chini ya gari, pimamaji lake lenye saa ya digrii likiwa limebanwa kwenye giaboksi.

"Tatu," alisema kutoka chini. "Tatu kamili. Soma mwenyewe usije ukasema nakuongopea."

Akasoma. Tatu kamili. Wakati huo nati ikamponyoka mume, ikalia ting, ikapotelea chini ya gari.

"Niokotee, iko mlangoni."

"Umejuaje iko mlangoni?"

"Zote huwa mlangoni."

Mshonaji akaenda mlangoni. Ilikuwepo. Akasimama nayo kiganjani kwa muda mrefu kuliko nati inavyostahili. Sakafu ile Timazi aliimwaga mwenyewe, akailaza kuelekea mlangoni ili maji ya kupigia deki yatoke bila kusukumwa, na kwa miaka alijisifu kwamba hakibaki hata kidimbwi. Sasa gari lilikuwa limesimama juu yake, pua mlangoni, limeinama pamoja na sakafu, na ndani yake injini imepimwa kama ukuta, kwa kufuata dunia nzima isipokuwa gari lenyewe. Difu hakuwahi kuipima. Ilikuja na mashimo yake tayari kwenye fremu.

Akampa nati. Akanyamaza.

Akanyamaza Alhamisi yote. Usiku alilala vizuri. Ijumaa asubuhi alipima dirisha kwa ajili ya pazia.

Ijumaa mchana akamsikia mume akizungumza kwenye simu. "Njoo na kamba nene, kaka. Ndiyo. Hapana, sijakasirika. Kitabu nitakupa pia."

Mshonaji akarudi kwenye gauni la mteja, akatia sindano, akaitoa. Haikuwa huruma. Huruma angeivumilia mpaka Jumapili. Kilichomshinda ni kujua kitu kimekaa vibaya mwilini, kinatoka nyumbani kwake hivyo hivyo, na watu wanakitazama. Akainuka huku akijitukana kimoyomoyo.

"Hamisha pimamaji," akasema. "Liweke kwenye difu."

"Difu iko sawa. Imetoka kiwandani."

"Nimekuomba upime, sijakuomba unihutubie."

Timazi akatambaa. Akalihamisha pimamaji.

"Moja," akasema.

"Kitabu kinasema ngapi?"

"Tatu."

"Basi ama kiwanda kina wazimu, ama gari lako limeinama. Mteja mwenye bega moja chini simpimi kwa ukuta wa duka, baba. Nampima kwa shingo yake mwenyewe. Hiyo injini ifuate fremu, iache dunia."

Timazi akatoka chini ya gari, akatazama sakafu, akatazama mlango, akatazama sakafu tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshitakiwa na kazi yake mwenyewe.

"Mteremko ule niliupima vizuri sana," akasema.

"Ndiyo. Hilo ndilo kosa."

Walifanya kazi mpaka jua likakaribia kuzama. Mshonaji akavuta uzi katikati ya fremu, kutoka pua hadi mkia, kama anavyoweka alama ya katikati ya kifua, wahakikishe giaboksi haikwenda pembeni. Timazi akakata kipande cha chuma kinene kama kidole, akauinua nacho mkia wa giaboksi, akakaza nati. Pimamaji likasoma moja kwenye giaboksi, moja kwenye difu: sambamba.

"Moja na moja," akasema kwa huzuni, kwa kuwa moja haikuwa tatu.

Jumamosi shemeji akaja na kamba, akaketi kwenye usukani, Timazi kando yake. Mshonaji hakwenda. Alisimama uani akisikiliza. Likaondoka, likaingia barabara ya nyuma ya maghala, sauti ikapanda, ikapanda tena, na haikutikisika mahali popote. Ilikuwa sauti ndefu, safi, kama kitambaa kizuri kinapopasuliwa kwa mkono. Alisikia, akajua amekikosa chumba kwa mikono yake miwili.

Akasimama pale kidogo. Kisha akaingia ndani, akabeba cherehani.

Waliporudi, shemeji akiwa na kamba yake mabegani kama nguo ya kupokea pole, mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa umefungwa. Timazi akabisha.

"Mama, fungua. Limetulia! Themanini na tano! Naliingiza."

"Huingii," mshonaji akajibu kutoka ndani. "Kuna mteja anajaribu gauni. Hajavaa."

"Atamaliza lini?"

"Huyu nusu saa. Kuna wengine wanne nyuma yake."

Timazi akatazama gari lisilo na paa. Akatazama mawingu.

"Sasa nalilaza wapi?"

"Wewe kazi yako nini, mume wangu?"

Shemeji akakohoa.

"Kaka," akauliza kwa upole, "miaka miwili yote, hukuwahi kufikiria kujenga banda?"

"Nilikuwa na gari la kuunda," Timazi akasema, akaenda kutafuta jembe la kuchimbia msingi.