Mzee Hupimwaje?

Tangu enzi za mababu zao, vijana wa kitongoji cha Pito, Ufipa, walililima shamba la wazee. Masika yakikaribia kwisha walifukia majani chini ya udongo na kuinua intumba, yale matuta ya duara ya Kifipa; msimu uliofuata waliyabomoa wakapanda ulezi. Mavuno yaligawiwa kila mzee, mwenye nacho na asiye nacho, wala hakuna aliyeulizwa neno. Mwalimu Isdori alikuwa amelilima shamba hilo ujana wake wote. Sasa, akiwa mstaafu mwenye pensheni, aliupokea mgao wake kifua mbele, kama apokeaye haki na si sadaka.

Mwaka huu mambo yaligeuka, na aliyeyageuza alikuwa mjukuu wake mwenyewe, Scola, mwenyekiti wa vijana.

"Babu," alisema wakinywa chai, "nyinyi mlikuwa vijana wengi mkiwalimia wazee wachache. Leo wenzetu wamehamia Tunduma na Mbeya. Tuliobaki tu wachache, na wazee mmejaa tele, Mungu awazidishie. Tena wengi wetu hatuna hata kipande cha ardhi. Tunaomba wapewe wasionacho tu. Sehemu ya shamba itakayobaki, tuilime kwa ajili yetu."

"Kwa hiyo mimi nifutwe."

"Wewe una pensheni, Babu."

"Mimi niliwalimia wazee waliokuwa na ng'ombe zizini. Sikuwauliza wamekula nini."

"Ungeliwauliza, labda wangelikujibu."

Bibi Bertha, mkewe Isdori, alicheka hata akaweka kikombe chini. Isdori hakucheka, ila neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba. Alikuwa amesahihisha hesabu na imla za watoto wa watu maisha yake yote ya kazi. Je, uhitaji wa mtu nao husahihishwa vipi? Alitamani kujua. Ilipoundwa kamati ya kuwatembelea wazee ili kuona nani anacho na nani hana, aliomba mwenyewe awemo, pamoja na Scola na Beda, kijana wa bodaboda.

Wakiwa watu wenye adabu, hawakumvamia mtu nyumbani kwake. Walitanguliza salamu kwamba kesho yake wangefika.

Walianza kwa Mzee Mboje, Msukuma aliyehamia Ufipa na mifugo yake miaka mingi iliyopita. Walikuta zizi tupu, na mwenyewe amejikunyata mlangoni ndani ya koti lililotoboka viwiko.

"Shikamoo, mzee. Ng'ombe wako wapi?" aliuliza Scola.

"Marahaba, mwanangu. Wamekwenda kumsalimia mjomba wao, bonde la Rukwa."

"Mbona jana niliwapisha barabarani wakielekea Msanzi?" alisema Beda.

"Basi wamepotea njia," alijibu Mboje bila kupepesa macho.

Kutoka hapo walikwenda kwa Bibi Cornelia, mjane aliyeishi peke yake katika nyumba ya bati aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ua ulikuwa umefagiliwa ukafagilika. Viti vilipangwa, meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake palikuwa na ugali wa ulezi na jogoo mzima aliyeogelea katika mchuzi. Cornelia aliwanawisha mikono na kuwahimiza wale, mpaka Beda akalegeza mkanda.

"Huyu hana shida," Scola alinong'ona walipotoka.

Isdori, aliyekuwa amepewa paja kwa heshima ya umri wake, aliafiki.

Alipofika kwake jioni, alihisi ua umepoa. "Bertha, yule jogoo mwekundu mbona simsikii?"

"Utamsikiaje, nawe umemla?"

Isdori alisimama pale pale.

"Cornelia alikuja jana," Bertha aliendelea. "Jogoo ni wetu, viti ni vya Edith jirani yake, unga na kitambaa ni vya akina mama wa jumuiya. Mfipa akijiwa na wageni awape nini, njaa yake?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mlikuwa mkiuliza? Mlikuwa mkipima."

"Na yeye mwenyewe huishi kwa nini?"

"Kwa ulezi wa shamba la wazee. Ukiisha, hula majani ya maboga na heshima yake."

Jumapili asubuhi, wakielekea kanisani, Isdori alimweleza Scola yote.

"Tungelikwenda bila kutoa taarifa," alisema Scola.

"Mngelimkuta sufuria tupu. Angelipata ulezi, asiweze tena kuinua uso mbele za watu."

"Sasa mzee tumpimeje, Babu?"

"Sijui," alisema Isdori. Scola alimgeukia, neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. "Labda tusiwapime. Tuwaombe walioshiba wasimame wenyewe."

"Na Bibi Cornelia? Si ndiye atakayesimama wa kwanza?"

Isdori alivua kofia yake mlangoni. Waliingia kanisani.

Baada ya misa watu waliketi nje, kwenye upepo wa baridi, kusikia habari ya shamba. Isdori alisimama. "Mimi, Isdori, nimeshiba. Sehemu yangu ya shamba wailime vijana, mavuno yawe yao." Akakaa.

Minong'ono ilipita. Kisha sauti ya Beda ikatoka nyuma: "Mzee Mboje, wale ng'ombe wameshafika kwa mjomba?"

Kicheko kilipasuka. Mboje alijiinua kwa fimbo yake, naye akicheka. "Wamerudi! Nami nimeshiba. Mwalimu hawezi kunishinda kwa shibe." Baada yake akasimama mzee mwingine, na mwingine tena, kila mmoja akikohoa kwanza kama mtu wa maana.

Hapo Isdori akaiona mikono ya Cornelia ikikaza juu ya mkongojo. Mjane alianza kuinuka. Akakwama. Akavuta kitenge chake, hakikuja. Bertha, aliyeketi kando yake, alikuwa amekanyaga ncha ya kitenge kwa mguu uliotulia kama jiwe la kusagia, macho ameyaelekeza kwenye paa la kanisa kama aliyeona kitu cha ajabu kule juu.

Wanawake wale wawili hawakutazamana. Cornelia alivuta mara nyingine, taratibu zaidi, kisha akaketi.

"Miguu imekataa," alisema kwa sauti ya kusikika.

"Pole, mama," watu waliitikia. "Baridi hii!"

Hakuna aliyecheka. "Walioketi," Scola alitangaza upesi, "wataendelea kupokea kama zamani. Sisi tunashukuru kwa ardhi."

Isdori aliwatazama wengine waliobaki wameketi, mmoja baada ya mwingine. Alitamani mno kujua ni miguu ya nani iliyokuwa na maumivu kweli, na ni nani mwingine aliyekanyagiwa nguo na jirani. Swali lilifika mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza, akainuka kumsaidia Cornelia kusimama.