Viatu vya Kubonyezea

Mkalama nzima hakuna bibi anayenizidi kuujua mtandao. Mabibi wengine hawana simu.

Kikundi chetu cha wakulima wa alizeti kina ukurasa wake huko. Majina yetu yamepangwa, kila jina la bluu, limepigiwa mstari chini. Katibu wetu, Emiliana, alinieleza: ukibonyeza jina linakuchukua mpaka ukurasa wa mwenyewe, uone picha ya shamba lake, ukubwa wake, na kama lina kisima.

Niliposikia "linakuchukua" nikavaa viatu kwanza. Nikabeba na viazi vitamu, maana huendi kwa mtu mikono mitupu. Nikabonyeza Kefa. Shamba la Kefa likaja. Mimi nikabaki palepale kwenye kigoda, na viazi vyangu.

"Na jina ukishalibonyeza," Emiliana akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, "kwenye simu yako linageuka zambarau, ujue ulishapita."

Kweli, Kefa alikuwa zambarau kama katoka kupigwa.

Basi Jumapili akaja mzee Antipasi, mgane wa Nduguti, na mshenga wake Calist aliyemtoa jogoo kwapani na kumweka mbele yangu. Posa hiyo! Nami nisijifanye, nilishampenda. Hata kitanda nilikuwa nimekisogeza. Hofu yangu ilikuwa moja: ananitaka mimi, au shamba langu?

"Mzee Antipasi, umenipendea nini?"

"Kicheko chako, mama Chediel. Mambo ya shamba, hata kama unalo mimi sijui. Ukurasa wenu ule sijabonyeza jina la mtu, Mungu ananiona."

"Basi niazime simu yako, nikuonyeshe picha yangu nikicheka."

Akanipa mbio mbio. Nikaufungua ukurasa. Kefa, bluu. Filipo, bluu. Wanaume wote bluu kama mbingu ya kiangazi. Jina langu, zambarau. Sara mjane mwenzangu, zambarau. Editha mjane, zambarau.

Nikamgeuzia simu.

"Aa, kidole kiliteleza," akasema.

"Kikateleza kwa wajane tu?"

Calist akamrudisha jogoo kwapani, polepole.

"Na huyu Lea je, mzee wangu? Lea tumemzika mwezi wa tano. Kwake nako ulivaa viatu?"

"Lakini lile shamba lina kisima," akajibu, halafu akauziba mdomo kwa kofia.